Annika Anaelewa Kithai

Nok, usinipigie, Mama yuko chumba cha pili. Soma tu.

Annika anaelewa Kithai. Yule mke mzungu wa kaka Tawan. Kumbe anaelewa kila kitu.

Tulikuwa tunakula mchana hapa kwa Mama. Si unamjua, miaka yote anamsema mbele yake kama anamsema paka. Leo kamega wali wake wa kunata, kamtazama tumboni, kamwambia shangazi: "Tumbo la huyu halishiki kitu. Mwanangu kaoa jiwe." Shangazi akacheka.

Annika akajibu kwa Kithai. Kwa Kithai, Nok! Sauti zinapanda na kushuka pale pale zinapotakiwa, na maneno yote ya heshima mwishoni: "Mama, lilishika. Lilishika miezi minne. Alikuwa msichana."

Lilishika, amesema. Hata hakulia.

Tawan kainamia sahani. Yeye alijua yote, sisi hatukujua.

Na yale masomo yake ya jioni, sisi tulidhani anajifunza kupika.

Halafu Mama akamuuliza Annika. Yeye mwenyewe, usoni, sijawahi kuona: "Mlimwita nani, mwanangu?"

"Fah," akasema Annika. "Kama anga."

Mama akachambua samaki, akatoa miiba yote, akamwekea kipande. Annika akala. Sote tukaendelea kula, ungedhani hakuna kilichosemwa.

Sijui nina nini, Nok. Si huzuni, si aibu. Nimeosha vyombo vyote, na sasa naviosha tena.