Picha Ambayo Hakuna Aliyeipiga

Jumamosi, 15 Novemba 2014
Zamu ya asubuhi, geti la maghala, Al Qusais, hapa Dubai. Malori, vumbi, malori. Miguu inauma na mbio za jana. Kampuni iliahidi mlinzi wa kike atakayeshinda atahamishiwa jimu ya hoteli, Oud Metha. Ndani, penye AC. Mimi na Nakato tulifika mstarini bega kwa bega. Sir, msimamizi wetu, akasema ni Nakato. Ni Mganda, tunaishi chumba kimoja. Nimempongeza. Sikumaanisha.

Jumatatu, 17 Novemba
Wanjiru wa zamu ya jioni alitupiga video kwa simu. Nimeitazama mpaka macho yanawasha. Inarukaruka. Picha moja, sote tuko nyuma ya mstari. Inayofuata, sote tumeshapita. Pale ninapopataka hapapo.
Nakato anaimba akipiga pasi. Namchukia.

Jumatano, 19 Novemba
Video nimempelekea Salim, kijana wa Mombasa anayetengeneza kompyuta karibu na stesheni ya metro. Anasema kuna programu ya kulainisha video. Inachora picha mpya katikati ya kila picha mbili, mwendo unateleza. Tukaijaribu kwenye laptopu yangu. Feni ikanguruma. Video ikaganda, kelele za watu zikaitangulia picha. Salim akacheka kidogo. Prosesa dhaifu, memori ndogo, na haina kadi yake ya picha. Kuchora picha papo hapo, video ikiwa inacheza, kunataka mashine yenye nguvu. Yangu inafaa kuandikia barua, basi. Miaka yote hii Dubai, na hata kompyuta yangu ni ya kukaa getini.
Kuna mteja wake, mpenda gemu, ameacha kompyuta ya maana hapo dukani. Nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 21 Novemba
Ile mashine haikushtuka hata kidogo. Kwenye skrini tukakimbia laini, kama tunaelea. Na pale mstarini, kifua changu kiko mbele ya chake. Mkono wa Nakato umeyeyuka kidogo kwenye picha hiyo, kama nta. Nilijifanya sikuuona. Nimelia dukani mbele ya wateja.
Salim aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Dada, picha hiyo hakuna aliyeipiga. Mashine imekisia."
Nikamwambia imekisia sawa. Akasema huenda, ila akibadilisha mipangilio itakisia vingine. Nikamwambia asibadilishe chochote. Nimeondoka na video kwenye simu, bila kuaga.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimemwonyesha Nakato. Maneno ya Salim nimeyameza. Akatazama mara mbili, akakaa kitandani.
"Basi ni wewe," akasema. "Kesho nitamwambia sir."
Hivyo tu. Akaenda jikoni kuosha vyombo, na leo ilikuwa zamu yangu ya kuosha. Nilitaka agombane. Nilitaka aniite mwongo. Ana mama mgonjwa Masaka, kazi hii aliiombea kila asubuhi, tena kwa sauti, nami nikimsikia. Na bado nikakaa. Nikajiambia huenda kweli nilishinda. Nikajiambia na mimi nimechoka na jua.
Maji yakaacha kutiririka. Nikaenda, nikamwambia yote. Mkono ulioyeyuka, kukisia, yote.
Hakupaza sauti. "Ungeniacha niende kwa sir?"
Ningemwacha. Sijui ningekaa hivyo mpaka lini.
Alijifuta mikono, akapita pembeni yangu bila kunigusa.

Jumapili, 23 Novemba
Hakumwambia sir kitu. Mimi pia. Wanjiru ameniuliza kama ile video ilinisaidia. Nimesema haionyeshi kitu. Ndio ukweli, na unaniuma kuliko kushindwa. Hakuna atakayejua. Hata mimi niliyekimbia sijui.

Jumapili, 30 Novemba
Nakato ameanza jimu. Basi lake huondoka kabla ya langu, kwa hiyo asubuhi hatuonani. Anapika chake. Si hasira, anasema, ni saa tu hazilingani.
Ile video laini nimeifuta.
Jioni nilimuuliza kazi ikoje. Akasema nzuri, madamu wa pale ni mpole. Nikasema vizuri. Akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda. Akaniuliza kama nataka dirisha lifunguliwe. Nikasema ndiyo. Akalifungua.