Chai ya Watu Wawili

Galway, Ireland
14 Septemba 2003

Dada Fransiska,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Nasikia Mogitu sasa ni Mkoa wa Manyara. Nimeuandika kwenye bahasha kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mzima, na masomo ya uuguzi yanaendelea. Jumapili iliyopita nilikunywa chai kwenye kasri la kale lililogeuzwa hoteli. Bibi mmoja niliyemuuguza wodini alikuwa ameagiza meza ya watu wawili, yeye na mimi, lakini akafariki kabla ya siku yenyewe. Mwanawe akanisihi niende tu.

Kuta ni za mawe, unene wake kama urefu wa ng'ombe. Waliniletea birika la fedha, maziwa baridi kando, na vipande vya mkate wenye matango, vidogo kama vidole. Nilikula vyote, vilikuwa vitamu.

Mhudumu alikitazama kiti kilichobaki akauliza, "Tumsubiri mwenzako?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Mama anakuja."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, dada. Alimmiminia kikombe, nami nikakitazama mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo nilipolia, miezi mitatu tangu mlipomzika bila mimi.

Wewe uliniandikia tu kwamba mazishi yalikwenda vizuri. Tafadhali niandikie yote: alivaa nini, nani waliimba, kaburi liko upande gani wa nyumba. Na kama aliniulizia, usinifiche.

Mdogo wako,
Imakulata