Damu ya Loise Ndani ya Jeremy

Karama, Dubai
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa Mama Loise,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za huko Wote, na za boma lote? Goti lako linaendeleaje, lile la kufura baridi ikija? Mvua imenyesha, ama bado mnaangalia juu? Mimi ni mzima wa mwili, nashukuru. Jeremy naye yuko, anakula, na habari zake nitakueleza, ila uniache nifike polepole.

Najua umeshangaa kuona barua yangu. Miaka ishirini na sita tumekuwa wake wa mume mmoja, na tangu tumzike mzee tumebaki sisi tu kwa lile boma, lakini sijawahi kukuandikia hata mstari. Kwa simu siwezi. Simu yako hushikwa na watoto, nami huishia kusalimia tu. Kwa hivyo barua hii nimempa Nick, yule rafiki ya Jeremy wa kazini kule Jebel Ali, anakuja likizo. Nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe mwenyewe. Uisome ukiwa peke yako.

Hapa tunakaa nyumba moja na wasichana wawili wa Uganda, Resty na Joanita, wa kazi ya hoteli. Jeremy ndiye ana chumba chenye mlango. Mimi nalala upande wa pili wa mbao, nasikia akigeuka, nasikia akikohoa, lakini siingii kwake mpaka nifunike mdomo na ninawe hadi kiwiko. Wasichana wakienda kazini nyumba inanyamaza. Nachemsha chakula chake, nasugua sakafu kwa jiki ya kuua vijidudu, halafu sina kitu kingine. Dirisha langu linaangalia ukuta. Kuna siku mtu pekee niliyeongea naye ni Hashir wa dukani hapo chini, na Kiswahili hajui. Namwonyesha kitunguu kwa kidole, ananipimia, anasema khalas, yaani basi, narudi juu.

Siku zingine naongea na sufuria. Usinicheke.

Sasa habari ya damu. Ile siku ya Julai walipomwekea Jeremy mbegu za damu za Loise, huku wanaiita siku ya kuzaliwa. Wauguzi walimwimbia kabisa. Tangu hapo wanahesabu siku zake vile sisi huhesabu za mtoto mchanga. Leo ana siku mia moja na kumi na nane.

Kila tukienda hospitali wanamtoa damu, wanaleta namba. Mimi unajua niliishia darasa la nne, lakini namba hizo nimezijua kuliko njia ya kwenda kisimani. Kuna namba ya chembe nyeupe, zile askari wa mwili. Hiyo mwanzoni ilikuwa sufuri. Siku kumi na sita mtoto wangu hakuwa na askari hata mmoja, nami nilikaa nje ya kioo nikimwangalia. Siku ya kumi na saba ikaja sufuri nukta sita, na muuguzi akanishika mkono. Kuna ya zile za kugandisha damu, hiyo ilipanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Zote naziandika nyuma ya kalenda.

Lakini kuna namba moja kubwa kuliko hizo. Alinieleza Justine, muuguzi wa kutoka Kampala, ndiye hunitafsiria kwa daktari. Kwa vile Loise ni msichana na Jeremy ni mwanamume, wakiangalia damu kwa ile mashine yao wanajua hii chembe ni ya nani. Wanahesabu, kwa kila mia ngapi ni za Loise. Zikiwa karibu zote ni za Loise, basi ile damu ya zamani yenye ugonjwa imekwisha. Mwezi wa kwanza zilikuwa tisini na saba. Justine akamtania Jeremy, akamwuliza kama sasa aitwe dada. Jeremy akasema aitwe tu, bora asisukwe, maana nywele zenyewe hana.

Nilicheka hapo mbele yao. Halafu nikaenda chooni nikalia. Nilikuwa nimekukumbuka wewe.

Mama Loise, kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Loise alipozaliwa, wanawake wote walikuja kumwona mtoto isipokuwa mimi. Nyinyi mlijua mke mkubwa amekataa, na mimi nikaacha mjue hivyo. Lakini nilikuja. Nilipika uji wa wimbi, ukawa mzito vile mzazi anatakiwa kupewa, nikaubeba kwa kibuyu mpaka langoni kwako. Nikasikia wanawake ndani wakicheka. Nikadhani wananicheka mimi, mwenye mtoto mmoja, niliyefungwa tumbo. Nikageuka, nikammwagia ndama uji wote. Ule mlio wa mtoto wako nilikuwa nimeusikia, mwembamba, na nikaenda zangu tu. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa anatambaa.

Na huyo ndiye aliyelala hapa karibu na mashine kwa saa tano, sindano mikono yote miwili, ili wangu apone. Damu yangu mimi mwenye kumzaa waliikataa kwa sababu ya lile ini langu lenye ugonjwa. Ya Loise ndiyo iliyokubali.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa. Siku ya mia walipima tena. Tisini na saba imeshuka, ni themanini na mbili. Damu ya zamani inarudi polepole. Jeremy mwenyewe haumwi, ukimwona utasema ni mzima, lakini namba haidanganyi. Wamempunguzia dawa ile ya kutuliza damu ya Loise ili ipate nguvu, na watapima tena wiki ijayo.

Siku hiyo sikulala wala kula. Nilifikiri ile damu imejua. Kwamba imejua nilivyoikataa langoni siku ile, na sasa inaondoka. Nikamwomba Justine amuulize Daktari Hilwa, hata kama ni ujinga. Daktari ni mama mtu mzima, hakucheka. Aliniambia, "Mama, damu haijui mambo hayo. Ni chembe za zamani zilizobaki, na tutazishughulikia." Nilishukuru, ingawa bado usiku hunijia.

Kuzishughulikia kwenyewe ndiko huku. Wanataka Loise awape tena. Safari hii si mbegu, ni wale askari wake tu. Nimeuliza mara tatu ndiyo nikuambie kitu cha kweli: hakuna zile sindano za kabla zilizomuuma mifupa wiki nzima. Atalala kwenye mashine kwa saa tatu au nne, basi.

Sijasahau ulivyoniambia aliporudi nyumbani akitembea ameinama. Ulisema, "Binti yangu si kisima, kila mtu aje na ndoo." Ulikuwa na haki. Ndiyo maana hospitali ilipotaka kumpigia Loise moja kwa moja, niliwaomba wangoje mpaka wewe usome barua hii. Daktari alisema pia Loise ana ruhusa ya kukataa, na hakuna atakayemuuliza sababu. Akikataa, Mama Loise, mimi sitabadilika. Alishatoa. Jeremy anajua nimekuandikia, na amesema asilazimishwe. Ni mtoto mzuri. Ni wetu wawili sasa, nikiangalia zile namba.

Akikubali, kampuni ya Jeremy italeta watu wawili, Loise na mtu wa kumsindikiza. Naomba uwe wewe. Usimtume kijana wako Cyrus. Huyu huku ana siku mia na kumi na nane, na katika ukoo wetu hakuna mama hata mmoja aliyekuja kumwona mtoto.

Ukija niletee unga wa wimbi kilo moja, wa huko nyumbani, usagwe vizuri. Uji nitaupika mimi, nikuletee wewe na Loise mpaka kitandani kwenu. Safari hii hata nikisikia mnacheka, nitaingia.

Nisalimie Loise, umwambie ndugu yake anamtaja kila siku. Nisalimie Cyrus, na nyanya, umweleze bado navaa ile leso yake. Pitia kaburi la mzee, ung'oe majani kwa niaba yangu. Mungu alinde mlango wako na goti lako, na awape mvua ya kutosha.

Mwenzako akupendaye, aliyechelewa kukuambia,

Phyllis, Mama Jeremy