Shahidi Niliyemchagua Mwenyewe

Jumapili, mchana. Baridi ya kiangazi bado iko mifupani, na upepo unaleta vumbi la machimbo mpaka ndani ya sahani.

Leo sikupokea Komunyo.

Naliandika hilo kwanza, peke yake, ili niliangalie vizuri. Tangu nibatizwe sijawahi kubaki kwenye benchi wenzangu wakiinuka. Hata Abisinia, vitani, padri aliposoma misa juu ya masanduku ya risasi, nilipiga magoti kwenye matope nikapokea. Leo nilikaa, mikono juu ya magoti, nikitazama migongo ya watu.

Mambo yenyewe yalianza na kadi. Serikali inatoa kadi kwa mtu mweusi iliyempima ikamwona ana mwenendo mzuri. Mwenye kadi hiyo hachapwi fimbo, wala polisi hamsumbui akitembea mjini jioni. Bwana mkubwa wangu kule machimbo ya Mutoshi, ambako mimi ni kapita, msimamizi wa kikosi cha wachimbaji, ndiye aliyenitia moyo. Alisema, "Mathias, ulikuwa koplo, una mke mmoja, unafundisha katekisimu. Ukikosa wewe, nani atapata?"

Nikaamini. Nikiri pia kwamba nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona tayari ninapita mbele ya polisi, kadi mfukoni, bila kuvua kofia.

Jumanne ya wiki iliyopita tume ikaja nyumbani. Wazungu wawili na karani wao. Walifunua mashuka. Walihesabu uma. Walikwenda chooni, wakarudi, wakamwomba mke wangu Agnesi afunue sufuria waone tunakula nini. Agnesi alifunua. Niliona shingo yake imekakamaa, na baada ya miaka kumi na sita ya ndoa naijua shingo ile.

Walipofika chumba cha nyuma, wakauliza nani analala humo. Nikawaambia: Veronika, shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu Petro, na mabinti zake wawili. Karani akaandika. Kisha wakataka shahidi, mtu mwaminifu anayeijua nyumba yangu. Sikufikiri hata kidogo. Nikamtaja Gaspari.

Gaspari ni karani wa stesheni hapa Kolwezi. Tulikuwa kikosi kimoja vitani. Njaa ilipotukamata kule milimani naye akaharisha damu, wengine walimwogopa. Mimi nilimwosha kwenye kijito kila asubuhi kama mama anavyoosha mtoto, nikafua na suruali yake, siku tisa. Na yeye, alipopona, akanifundisha kusoma na kuandika, kwa mkaa, juu ya kifuniko cha sanduku. Herufi hizi ninazoziandika sasa ni za mkono wake.

Yeye anajua habari za Veronika kuliko mtu yeyote nje ya nyumba yangu. Petro alikuwa akifanya kazi ya reli Kasaji, akafa kwa homa. Wazee wa ukoo wakanipa mjane, kama desturi inavyotaka. Nikawaambia mimi ni Mkristo, nina mke. Wakasema basi ataolewa na baba mdogo, mzee mwenye wake watatu na mkono mwepesi wa kupiga. Agnesi ndiye aliyesema, "Mulete hapa." Nikamleta. Nikaenda kwa padri wa wakati ule nikamweleza, naye akanishika bega akasema nimefanya vema. Tukagawa chumba cha nyuma. Gaspari alikuja na nyundo yake, mlango wa Veronika akauweka yeye.

Juzi Ijumaa niliitwa ofisini. Mmoja wa wale wazungu wa tume hakuniambia niketi. Alisoma kwenye karatasi kwamba ombi limekataliwa kwa sababu nina wake wawili. Nikasema hapana, ni mjane wa ndugu yangu. Akageuza karatasi upande wangu, akaweka kidole juu ya mstari.

"Shahidi wako mwenyewe amesema. Wanawake wawili."

Nilisoma jina na sahihi. Mkia wa ile G naujua. Ndio nilioufuata nilipokuwa najifunza.

Jana asubuhi padri akaniita. Yule aliyenishika bega amesharudi kwao Ulaya, huyu ni mgeni, hana hata miezi minne. Habari zilikuwa zimemfikia. Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi: nisifundishe tena katekisimu, nisikaribie meza ya Bwana, mpaka yule mwanamke atoke nyumbani mwangu. Nilijaribu kueleza. Akasema, "Mtoe kwanza, kisha tutazungumza."

Kutoka misheni nilikwenda moja kwa moja kwa Gaspari. Nilimkuta mbele ya nyumba yake anapaka rangi viatu vya Jumapili. Aliponiona aliingia ndani akaniletea kiti. Hicho kiti kiliniumiza.

"Ndugu Mathias, kaa."

Nilibaki nimesimama. "Ulibaambia nini?"

Akaendelea kusugua kiatu. "Baliniuliza banamuke ngapi balalaka mu nyumba yako. Nikasema babili. Nilidanganya?"

"Unajua Veronika ni nani. Mulango yake ni weye uliipigilia misumari."

"Najua."

"Basi ungesema neno moja tu. Shemeji."

"Ile habakuuliza."

Mke wake alitokea mlangoni, akatuona, akarudi ndani. Halafu Gaspari akaweka kiatu chini.

"Dosie yangu ya kuomba kadi iko juu ya meza ile ile, Mathias. Mwezi kesho watakuja kwangu. Ule muzungu alikuwa ananiangalia kama mutu mwenye anajua jibu tayari. Ningebishana naye, angesema sisi baaskari ba zamani tunafichana. Mi pia niko na batoto."

Alisema hayo bila hasira, kama anamweleza mgeni njia ya sokoni. Ningependa aniombe radhi. Ningependa hata anitukane. Nilimwambia, "Ukae muzuri," nikaondoka.

Sasa niandike yale ambayo sitaki kuyaandika.

La kwanza: njiani nilitamani ningemwacha kwenye kile kijito. Nilitamani kwa moyo wote, mimi mwalimu wa dini, na nilipofika kwenye kona ya soko nilikuwa bado natamani.

La pili ni baya zaidi. Kutoka soko mpaka kambi yetu ya wachimbaji nilikuwa namtoa Veronika nyumbani. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshampeleka stesheni, nimeshampandisha treni ya Kasaji pamoja na wasichana, nimeshafunga mlango. Nilijiambia ni kwa muda tu. Nilijiambia Mungu ataelewa. Gaspari alimtupa mtu aliyemwosha ili apate kadi. Na mimi, kabla sijamaliza barabara moja, nilikuwa tayari kumtupa mjane wa ndugu yangu ili nirudishiwe nafasi yangu kanisani.

Sikumwambia Agnesi hilo. Nilimwambia mengine yote. Kuta zetu ni nyembamba, na Veronika alisikia.

Asubuhi ya leo nilimkuta ameshafunga vitu vyake kwenye kitambaa, wasichana wamevaa viatu. Alisimama karibu na jiko, hanitazami, akasema na Agnesi, ambaye humwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Agnesi, mi nitarudia Kasaji. Batu basitukane tata Mathias juu yangu."

Agnesi alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka. "Kule unaenda kwa nani?"

Veronika alikaza fundo la kifurushi. Sote tunajua ni kwa yule baba mdogo.

"Basi fungua kile kifurushi," Agnesi akasema. "Nguo zitakunjika."

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tangu nimwoe. Jumapili yeye hatii hata tone la maji mdomoni kabla ya misa, kwa sababu ya Komunyo. Alijipakulia uji kwenye bakuli, akaketi mbele yangu, akala. Alikula polepole mpaka bakuli likawa jeupe. Binti yetu mkubwa, Odila, alimwangalia kwa macho makubwa.

"Mama, na misa?"

"Misa tunaenda. Leo tutakaa na tata yako."

Akanisogezea bakuli langu. Nilikula. Uji ulikuwa wa moto, na sikuweza kuinua uso, kwa sababu yeye hakuwa ameuliza kama nilifikiri kumfukuza Veronika. Alikuwa ameshaamua kwa niaba yetu wote wawili, akanipa nafasi ya kumfuata.

Tulikwenda wote. Mimi, Agnesi, Veronika, watoto wetu watano na wasichana wa Petro. Tulijaza benchi zima, karibu na mlango. Watu waligeuka kututazama. Wakati wa Komunyo ulipofika benchi letu halikutikisika, ila Odila peke yake, ambaye hakuwa amekula. Alisimama, akatuangalia, akaketi tena.

Gaspari alipita katikati, viatu vinang'aa. Alipiga magoti, akafumba macho, akafungua mdomo. Nilimtazama nikitafuta dalili yoyote kwamba inamuuma. Alirudi mikono imekunjwa, na alipofika usawa wa benchi letu alitazama sakafu. Labda ilikuwa aibu. Labda ni ibada tu. Nimekaa naye miaka yote hii na siwezi kutofautisha.

Baada ya misa padri alikuwa amesimama nje akisalimia watu. Agnesi alimwendea kabla sijajua. Alimwambia, "Padri, kesho kisha kazi, saa kumi na moja, tutakuja kwako sisi batatu. Miye nitasema wa kwanza." Padri akasema, "Njooni."

Kwa hiyo Jumatatu nitatoka Mutoshi, nitaoga, na tutakwenda. Inawezekana atasikia. Akikataa, benchi la mlangoni linatutosha, tumeshalijaribu. Veronika ameshafungua kifurushi, sasa hivi namsikia anagombana na wasichana juu ya sabuni. Kadi sitaiomba tena. Polisi akiniuliza ninakwenda wapi, nitavua kofia na kumwambia.

Kuhusu Gaspari sijui. Leo, kabla ya kuchukua kalamu, nilipiga magoti nisali Baba Yetu. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku, nikanyamaza. Maneno yanayofuata, ya kuwasamehe waliotukosea, nayajua, nimewafundisha watoto wa kambi nzima kuyasema. Hayakutoka.

Nitaanzia tena mwanzo kesho asubuhi, nione nitafika wapi.