Vikombe Viwili Jikoni Kimulot

Mpendwa Chebet,

Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Mvua ya mawe ilipiga majani chai, na babu yako bado anakohoa. Nimesikia mnataka kushuka mto kwa kayaki, na unaniuliza kama watu wa huku watawaelekeza.

Watawaelekeza. Lakini mkikaribishwa chai, kaeni mnywe, hata kama mna haraka.

Nakumbuka enzi za ujana wangu, nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Kimulot. Vijana wawili walikuja langoni na kayaki zao, wakamuuliza baba mkwe wangu, "Mzee, mto uko sawa huko chini?"

"Karibuni chai kwanza," akasema, akaenda kutafuta viti. Kwetu mgeni hapewi habari mbaya akiwa amesimama. Mimi nikamimina vikombe viwili. Mzee aliporudi na viti, walikuwa wameshaenda.

Nyuma yao akaja mpiga kasia mwingine, mtu wa upande wa ziwa, ambaye walikuwa wamekutana naye huko juu mtoni. Yeye aliketi. Mzee akamwambia kuna mti mkubwa umeanguka ukaziba mto pale kwa kona. Yule mgeni hakugusa chai. Alikimbia mtoni kuwafuata wale vijana.

Alimtoa mmoja tu akiwa hai. Tulimleta jikoni akitetemeka, nikampa kikombe chake, akanywa yote. Kile cha mwenzake kilibaki mezani mpaka maziwa yakashika utando juu, na hakuna mtu kwa ile nyumba aliyeweza kukiondoa.

Ni mimi gogo, nyanya yako, ninayekuombea.