Mwite Mwadime kwa Sauti Yako

Darsait, Maskati

Mama yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, keti. Vaa ile miwani yako ya mguu mmoja, na huyo Samba aliyekuletea barua mpe kiti, asikae mlangoni kama mgeni wa serikali. Nakusalimu sana. Goti bado linakusumbua? Mvua imefika huko, ama mnaangalia mawingu yakipita tu? Na Mghoi wangu anakula, ama bado anawapa kuku ugali wake ukigeuka? Mwambie mamake anajua kila kitu.

Mimi mwili ni mzima. Hilo ndilo neno zuri nililo nalo, Mama, na limeishia hapo.

Ulipopiga simu ukaniuliza, "Mwadime yuko wapi?" nilikujibu yuko kazini, nikakata upesi nikisingizia mtandao. Hakuwa kazini. Mwanao yuko hospitali, amelala, hajaamka. Yu hai. Narudia ili usiruke mistari: yu hai. Lakini hajafungua macho, na madaktari wanasema tungoje. Nimeandika kwa sababu kila nikisikia sauti yako nakata simu, na habari kama hii sikutaka uipate nusu nusu.

Nianze mwanzo. Unajua kazi yake ni kuendesha lile gari la kuvuta magari yaliyoharibika, hapa wanaliita rikavari, na gereji yao iko Wadi Kabir. Sasa hapa hakuna mtu anayekuelekeza kwa mdomo. Hakuna mambo ya "pita kanisa, ukiona mwarobaini kunja kushoto." Gari likikuzimikia barabarani unatuma lokesheni. Simu inasikiliza setilaiti huko juu, inajua imesimama wapi, na alama nyekundu inatokea kwenye ramani ya simu ya Mwadime. Yeye huibandika simu kwenye kishikilio mbele ya usukani, na mwanamke fulani ndani yake anamwambia kata kulia, kata kushoto. Nilikuwa namwonea wivu huyo mwanamke, nakwambia kweli. Mume wangu hajawahi kunitii mimi hivyo. Yeye hucheka na kusema, "Huyu anajua njia, lakini hajui kuita. Anayejua kuita ni Mama." Anamaanisha ule mwito wako wa jioni, unaposimama kando ya tangi la maji, mkono mdomoni, ukivuta jina lake mpaka mbuzi wa ng'ambo wanageuka kabla yake.

Mimi Mwadime hunitumia lokesheni ya namna nyingine, ile inayotembea. Ni kidoti cha bluu, akisonga kinasonga, akisimama kinasimama. Ninapofanya kazi kule Ghubra, kwa Bi Zuwena, hukiangalia nikipiga pasi. Ndivyo tulivyokuwa tukishinda pamoja. Lakini ile alama nyekundu ya wateja haitembei. Ukishaituma inabaki palepale, hata wewe mwenyewe ukiondoka ukaenda zako. Shika hilo, Mama, maana hapo ndipo tulipoumia.

Siku hiyo mvua ilianza asubuhi, na mvua ya hapa si kama yetu. Kuna mabonde makavu yanayotoka milimani, huyaita wadi, mwaka mzima watu wanayapita kwa magari kama barabara. Mvua ikinyesha huko juu, bonde linakuwa mto kabla hujafunga dirisha. Bi Zuwena alikuwa amekataza mtu yeyote nyumbani kutoka. Huyu ni mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu, na amri zake hazina mjadala.

Mwadime akanipigia akiwa njiani. Alisema kuna mteja amekwama upande wa milima, maji yamegusa magurudumu, na ametuma lokesheni gereji.

"Usiende," nikamwambia. "Waachie polisi."

"Na kama ni wewe umekwama, ungetaka nani asiende?"

"Mimi singekwama. Mimi nina akili."

Akacheka, akakata. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Mama. Kwamba mimi nina akili.

Kitu ambacho hakujua, na mimi sikukijua, ni kwamba mteja yule alikuwa ametuma lokesheni kwa rikavari kadhaa. Hapa ndiyo desturi yao. Mtu akikwama huwaita wengi, anayetangulia kufika anachukua kazi, na waliobaki wanakuta vumbi la matairi. Siku ya jua hasara ni mafuta tu, na madereva hutukana wakageuza. Gari jingine lilimfikia yule mteja, likamvuta, akaenda nyumbani kwake akavua viatu. Hakumwambia mtu yeyote. Alama yake nyekundu ikabaki kule bondeni inaita, na mwanao akaendelea kuifuata.

Nilikuwa jikoni na simu nimeiegemeza kwenye mtungi wa sukari. Nikaona kidoti kimefika kwenye ile alama, kikasimama. Kikakaa hapo muda. Nikasema moyoni, haya, anafunga mnyororo, atarudi. Nikamenya vitunguu. Nilipoangalia tena kidoti kilikuwa kinasonga, tena mbio, kinashuka kuelekea pwani.

Mama, nilifurahi. Nilipiga vigelegele jikoni mle. Nikamkimbilia Bi Zuwena sebuleni nikamwonyesha. "Bibi, anarudi! Ameshamaliza, tazama anavyokuja!"

Bi Zuwena akaisogeza simu karibu na uso wake, akaangalia. Akakifuata kile kidoti kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "hapa mimi nnapajua. Hapa hapana njia ya gari."

"Labda amekata mkato, Bibi."

"Hapana mkato. Huu ni wadi. Khalfan! We Khalfan, njoo haraka, njoo utazame!"

Khalfan ni mwanawe. Akaja, akaangalia. Akapiga namba ya dharura, akaanza kusema Kiarabu upesi upesi. Mimi nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili nikimpigia kelele yule mtu ndani yake. Simama, Mwadime, simama! Nikapiga, ikaita haikupokelewa. Kidoti kikapinda pale bonde linapopinda, kikapinda tena. Halafu kikasimama, na sikukiona kikisonga tena. Nilianguka sakafuni nikalia kama mtoto, na Bi Zuwena akaketi chini pamoja nami, na miguu yake ile mibovu, akanishika kichwa.

Khalfan akawatumia polisi ile lokesheni. Kusema kweli walikwenda upesi. Walilikuta gari limelala ubavu kwenye nguzo za daraja, limejaa matope. Simu ilikuwa bado iko kwenye kishikilio chake. Mlango wa dereva ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na mtu.

Hapo wakaanza kumtafuta kutoka kwenye gari kushuka chini, mpaka maji yanapoingia baharini. Wakaniuliza alivaa nini, ana alama gani mwilini. Nikawaambia lile kovu la panga kwenye goti, alilolipata akikukatia kuni. Mtu hakuulizi alama za mwilini kwa sababu anategemea kumkuta akizungumza. Nililielewa hilo. Nilikaa kwenye kibaraza cha Bi Zuwena nikamkasirikia Mungu waziwazi, na sijamwomba msamaha bado.

Khalfan akaleta ile simu, polisi walikuwa wamempa. Nikaipangusa matope kwa kanga yangu. Na nikiwa naipangusa ndipo nikajiuliza, ilifanya nini kwenye kishikilio? Nikakumbuka jinsi anavyofanya kazi. Akifika kwa mteja haanzi kufunga mnyororo. Huacha injini inanguruma, huiacha simu inachaji, anashuka na mkanda wa kufungia magari begani tu, akazunguka gari lililokwama lote kwanza. Nimemgombeza mara nyingi kwa hilo, kwamba nikipiga hapokei. Hujibu kwamba simu haivuti gari.

Nikakumbuka na kile kidoti. Kilifika, kikakaa muda, ndipo kikaenda mbio. Muda ule wa vitunguu vyangu. Alikuwa ameshuka! Alikuwa chini akimtafuta mteja ambaye hayupo, na maji yakachukua gari peke yake. Nilichokuwa nakishangilia kilikuwa simu. Mume wangu alibaki juu kule.

Nikamshika Khalfan shati. "Wanatafuta chini. Yuko juu, kwenye alama nyekundu. Waambie warudi juu!"

Akaniangalia kwa huruma, nikajua ananiona nimechanganyikiwa. Bi Zuwena akamfokea. "Kwani itakugharimu nini kuwaambia? Mwenyewe mumewe anamjua. Piga simu!"

Akapiga. Msimamizi wa gereji akaitafuta ile lokesheni ya mteja, akawatumia, na waokoaji wakapanda juu. Walimkuta kando kidogo ya pale alama ilipo, kwenye mkunazi uliosimama juu ya ukingo. Alikuwa amejifunga kwenye shina kwa ule mkanda mpana wa kufungia magari. Kitu kilichobebwa na maji kilikuwa kimempiga kichwani. Mikono ilikuwa baridi, lakini alikuwa anapumua. Aliyenipa habari hiyo kwa simu alikuwa akilia, na ni mwanamume mzima mwenye sare.

Yule mteja alikuja hospitalini. Alileta asali na tende, akasimama mlangoni hajui aingie au arudi. Akasema, "Samahani, dada, nilisahau kuwaambia wengine." Alisahau! Nilitaka kumrushia ile asali. Halafu nikaona macho yake yamevimba, na anashindwa kumtazama Mwadime usoni, nikakosa nguvu. Kila siku anakuja, anakaa kwenye korido. Sijamsamehe na sijamfukuza.

Sasa ndiyo hali yetu. Daktari anasema kichwa kilivimba ndani na uvimbe umeanza kupungua. Kuamka, anasema, ni yeye mwenyewe. Muuguzi mmoja Mkenya mwenzetu ameniambia nizungumze naye, kwamba wengine husikia. Nimezungumza, Mama. Nimemsimulia Mghoi na kuku. Nimeimba nyimbo za kwaya mpaka wagonjwa wengine wakaniomba ninyamaze. Nimemgombeza. Nimemwambia kwamba sina akili hata kidogo, aamke anicheke. Nikaona aibu yote imekwisha, nikaiwasha hata ile ramani nikamwekea yule mwanamke wake sikioni, kata kulia, kata kushoto. Wapi! Hata ukope haukucheza. Mama, nimechoka. Naogopa mpaka naogopa kwenda chooni, nisije nikarudi nikakuta wamemfunika.

Nisalimie kaka yake mkubwa, umwambie shamba la Mwadime asilikodishe bado. Nisalimie shangazi wa kanisani, jina la Mwadime lisomwe Jumapili, na wasilisome pamoja na ya marehemu kama walivyofanya kwa mjomba alipokuwa na malaria. Nisalimie mama yangu mzazi. Yeye usimwambie yote, ana presha. Mghoi mwambie baba amelala.

Na sasa ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu nimempa Samba, mwenzake wa gereji anayekuja likizo, badala ya mtu mwingine. Najua simu yako ni ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea basi. Samba anayo yenye kurekodi sauti na kuituma. Kabla hajanywa chai, mtoe nje. Nenda naye mpaka kando ya tangi, usimame pale unaposimamaga, mkono mdomoni, umwite Mwadime. Usimwombee, maombi nimemfanyia. Usilie wakati Samba anarekodi, nakuomba, atashtuka. Mwite kwa hasira kama jua linazama na mbuzi hawajaingia. Uvute jina lote, mpaka ng'ambo.

Uliniuliza yuko wapi. Yuko ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, mkono wake uko ndani ya wangu. Mimi najua alipo, Mama. Ni yeye asiyejua. Simu yangu iko chaji imejaa, nimeiweka karibu na sikio lake, tunakungoja.

Mkaza mwanao,
Wakio, Mama Mghoi