Milioni Moja na Tatu

Jumapili, tarehe 9 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaache.

Sisi hatujambo. Mama bado anapiga pasi kwa dobi, na jioni miguu yake huvimba. Mlango wa kabati umetengenezwa.

Ile namba uliyoniachia mlangoni siku ulipoondoka, milioni moja na tatu, nimeimaliza. Ulisema, "Kifutio wangu, ukipata namba ya kuigawa bila kubaki kitu, niandikie, nitapanda basi siku hiyohiyo." Nimeigawa kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, nikaendelea hivyo mwaka mzima mpaka kidole kikaota sugu. Kila mara hubaki kitu. Mama alikuwa akinitania, "Hesabu gani ya baba yako imewahi kutoka?"

Juzi, nilipofika elfu moja, nilimwonyesha mwalimu. Akasema niishie hapo, kwa sababu elfu mara elfu ni milioni: kigawanyo kinachozidi elfu lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote nimeshawajaribu. Ni namba tasa, Baba. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Nilipomwambia Mama, hakucheka. Alizitoa nguo zako kabatini akazifunga kwenye mfuko, na usiku akalala katikati ya kitanda.

Nimechoka, lakini daftari bado lina kurasa. Kama hukujua kwamba ni tasa, nitumie namba nyingine. Nijibu kwa posta ijayo: siku ile mlangoni, ulijua?

Mwanao,
Kifutio